Saa ya Kinshasa, saa ya Likasi: kisa cha majina yaliyokatika hewani



Mwezi uliopita kipindi chetu cha majina kilikatika jioni nane. Wanaokifuata wanajua desturi yake: saa moja jioni tunasoma majina ya watu wanaotafutwa na jamaa zao, kijiji walikotoka na mahali walipoonekana mara ya mwisho. Mtu wa Mitwaba anamtafuta mama yake, mtu wa Pweto anatafuta watoto wawili, mwanamke wa Manono anamtafuta mume. Jioni zile sauti ilianza vizuri, halafu ikakwaruza kama mtu anayekunja bati, halafu kimya. Dakika moja, siku nyingine tatu. Iliporudi, majina matano au sita yalikuwa yamekwisha kupita.

Asubuhi moja mama mmoja alifika mlangoni kwetu. Alipewa kiti, hakukaa. Akauliza: "Juu ya nini munakatakata majina ya batoto yetu?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa na mtu wa kumshtaki tu, na mtu huyo, kama mtakavyoona, hakuwa na kosa.

Leo ninaandika jibu la mama yule. Ni jibu refu kidogo. Mashine iliyokata majina ilikuwa imeandika yenyewe kilichotokea, dakika kwa dakika, nasi hatukujua kulisoma daftari lake. Ili tulisome vizuri, inafaa kwanza kujua daftari la namna hiyo lilitoka wapi, na sauti za mji huu zilitunzwaje kabla ya mashine kuja.

Kadi ya mwaka 1952

Wakati mji wetu ungali unaitwa Jadotville, mwaka 1952, alipita hapa Hugh Tracey, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Afrika Kusini, akizunguka na mitambo yake kurekodi muziki wa Afrika. Hapa mjini alimkuta kijana mwenye gitaa, Jean-Bosco Mwenda, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Akamrekodi. Wimbo wake Masanga ulitoka katika mji huu ukafika mbali, na mpaka leo wapiga gitaa wa nchi nyingine wanajaribu kufuata vidole vyake. Mwenda mwenyewe alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Sauti yake ya ujana ipo.

Ipo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ilirekodiwa. Ya pili watu huisahau: iliandikwa. Kwa kazi alizorekodi, Tracey alijaza kadi zenye jina la mwimbaji, lugha, chombo, mahali na tarehe. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na kadi zile zilikwenda pamoja na sauti. Bila kadi tungekuwa na gitaa tamu la mtu asiyejulikana, lililopigwa katika mji usiojulikana. Kadi ndiyo inayotuwezesha kusema: huyu ni mtu wa kwetu, na alipiga hapa, mwaka ule.

Wazee waliofanya kazi Shituru na Panda hawatashangaa. Kiwandani mtu wa posta moja akimwachia mwenzake kazi, humwachia na maandishi: mashine gani ilisimama, saa ngapi, na ilifanyiwa nini. Anayeingia hasomi maandishi yale kwa kupenda kusoma. Anayasoma ili asiungue.

Kosa lenye uso

Zamani mitambo ya redio ilikuwa na makosa yenye uso. Mwaka 1951 Stefan Kudelski, mhandisi mwenye asili ya Poland aliyeishi Uswisi, alitengeneza Nagra, mashine ya kurekodi ambayo waandishi wa redio duniani waliibeba begani kwa miaka mingi. Utepe ukikatika, ulionekana umekatika. Mwaka 1963 ikaja kaseti ya Philips. Kila mtu wa umri wangu alikuta nyumbani kaseti na kalamu ya kuzungushia utepe uliomezwa na redio. Ulitazama, ukaona kosa, ukalirekebisha kwa vidole.

Halafu mambo mawili yalikuja karibu kwa pamoja. Sheria ya tarehe 22 Juni 1996 juu ya uhuru wa vyombo vya habari iliweka msingi wa kisheria kwa redio nyingi ndogo zisizo za serikali katika nchi yetu. Na tarehe 25 Februari 2002 Radio Okapi ilianza kusikika, ikitangaza kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Vijana wengi wa kizazi changu walipata hamu ya kazi hii kwa kuisikiliza. Katika miaka hiyohiyo kaseti zilianza kuondoka studio na kompyuta zikaingia.

Kompyuta ilileta nafuu kubwa. Lakini ilileta pia kosa lisilo na uso. Sauti inaingia kwenye mikro, inapita kwenye mikseri, inaingia katika kijisanduku kinachoitwa kadi ya sauti, halafu inapita kwenye waya wa USB hadi seva, ile mashine iliyo chini ya meza. Ikikatika kati ya hapo, hakuna utepe wa kuutazama. Taa zinawaka, waya umechomekwa, kila kitu kinaonekana kizima. Ndipo watu huanza kutazamana.

Mashine yafundishwa kuandika

Mfumo unaoendesha seva yetu ni Linux, wa ukoo wa Unix. Unix ilianzishwa mwaka 1969 Marekani, katika maabara za Bell, na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mashine za wakati ule zilitumiwa na watu wengi kwa pamoja. Kitu kikiharibika, kila programu ilikuwa na namna yake ya kulalamika, au haikulalamika kabisa.

Katika miaka ya 1980, Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley alikuwa akitengeneza programu ya kusafirisha barua za kompyuta, Sendmail. Ndani ya kazi hiyo alitunga mpango ulioitwa syslog. Wazo lake ni la kikarani: programu zote zipeleke habari zao kwa mwandishi mmoja, naye aandike kila habari na saa yake, jina la aliyesema, na uzito wa jambo. Uzito una ngazi nane, kuanzia 0, ambayo ni hatari kubwa kabisa, hadi 7, ambayo ni maelezo ya fundi tu. Mpango huo ulienea hadi ukawa desturi ya mashine za ukoo wa Unix. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipoanza kuandika Linux, kiini cha mfumo wake nacho kikawa na kumbukumbu yake. Ukiandika amri dmesg, kinakusomea kumbukumbu hiyo.

Sauti ilikuja baadaye kidogo. Mwaka 1992 Hannu Savolainen, raia wa Finland pia, aliandika programu ya kuifanya kadi ya sauti ifanye kazi ndani ya Linux. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela wa Ucheki alianzisha mpango mpya uitwao ALSA, na mwaka 2002 ukaingizwa katika kiini cha mfumo. Takashi Iwai aliuandikia sehemu inayosikilizana na vifaa vya sauti vya USB.

Na USB yenyewe? Kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1996, ili tundu moja litumike kwa kila kitu. Mwaka 1998 zikatoka kanuni za vifaa vya sauti, ndiyo sababu leo kadi nyingi za sauti hufanya kazi ukizichomeka tu, bila programu ya pekee.

Hapa kuna jambo ambalo kila mtu wa redio anapaswa kulijua. Ukituma hati kwa USB na kipande kikapotea njiani, mashine inakiomba tena hadi kifike. Sauti haina ruhusa hiyo. Inasafiri kwa mpango wa wakati: kila sehemu ya elfu ya sekunde ina mzigo wake, na kwa sauti ya kilohezi 48 mzigo huo ni vipimo 48 kwa kila mkondo. Mzigo ukipotea, umepotea. Hakuna anayeuomba tena, kwa sababu ukichelewa hauna faida. Kwa hiyo jina lililokatika ndani ya waya haliwezi kurudi kwa nguvu za mashine. Litarudi tu ikiwa mtu atalisoma upya.

Zima, washa

Jioni ya kwanza sauti ilipokatika, tulifanya wanachofanya watu wote. Tulizima seva, tukawasha. Ikafanya kazi. Jioni ya pili vivyo hivyo, na ya tatu.

Hatukujua kwamba kwa kidole kile tulikuwa tunachoma daftari. Katika seva yetu, kumbukumbu za mfumo zilikuwa zikikaa kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika mashine ikizimwa. Mifumo mingi ya Linux ya siku hizi huweka daftari la kudumu ikiwa tu kuna folda ya kulipokea, /var/log/journal. Kwetu folda hiyo haikuwapo. Jioni tatu za kwanza zimepotea, na hakuna fundi atakayezirudisha.

Jioni ya nne, kijana mmoja wa studio alituzuia tusizime. Yeye mwenyewe ni mtoto wa familia iliyokimbia, alikuja kujitolea kwetu akabaki. Alikuwa amesoma mahali kwamba mashine huandika. Akaandika amri ya kulisoma daftari, journalctl -k, na mistari ikashuka kwenye kioo kama mvua. Akatuonyesha mmoja wenye maneno "USB disconnect". Maana yake ni kwamba kifaa kimeondoka kwenye tundu. Kifaa chenyewe kilikuwa kadi yetu ya sauti. Saa iliyoandikwa ni 18:12.

Tukakimbilia kaye ya studio kuona nani alikuwa chumbani saa 18:12. Jina lilikuwa la kijana yuleyule. Saa hizo huwa peke yake, anafagia na kupanga nyaya kabla ya kipindi cha jioni.

Mnaweza kukisia kilichofuata. Mmoja akasema amevuta waya. Mwingine akasema ameuchomeka vibaya, ndiyo maana baadaye sauti ikakatika. Wa tatu akasema maneno ambayo sitayaandika, juu ya watu wanaotoka mbali na vitu vya wenyeji. Kijana alisema hakugusa kadi. Hatukumsikiliza, kwa sababu tulikuwa na ushahidi wa maandishi, na maandishi yana heshima. Aliyetufundisha kulifungua daftari ndiye tuliyemhukumu kwalo.

Saa mbili za nchi moja

Siku iliyofuata alikuja mzee mmoja mstaafu, fundi wa umeme wa mgodini, anayetusaidia mara kwa mara bila malipo. Tulimsimulia. Akasoma mstari ule, akatazama saa yake ya mkononi, akauliza: "Iyi saa ya mashine ni ya wapi? Ya Kinshasa ao ya huku kwetu?"

Nchi yetu ina saa mbili. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Huko ikiwa saa kumi na mbili jioni, Likasi ni saa moja jioni. Kila mtu hapa anajua hilo tangu utoto, maana ukimpigia simu jamaa wa Kinshasa ni jambo la kwanza mnaloulizana. Katika orodha ya saa za dunia inayotumiwa na Linux, Kongo ina majina mawili, Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Aliyeiweka seva yetu, na hapa ninasema juu yetu wenyewe, alichagua jina la kwanza akaendelea.

Kwa hiyo 18:12 ya daftari ilikuwa 19:12 ya Likasi. Saa moja na dakika kumi na mbili jioni: katikati ya majina. Ni dakika ileile ambayo msomaji wetu alikuwa ameiandika kwa kalamu, "sauti imekatika". Saa hiyo kijana alikuwa ameondoka zamani, na majirani zake walimwona kwao.

Mzee akaongeza jambo ambalo bado linaniuma. Tulipotazama daftari siku ya kwanza, tulikuwa tumekwisha ona kwamba karibu na 19:12, kwa saa ya mashine, halina mstari wowote juu ya kadi. Sauti ilikatika mbele ya masikio yetu, na daftari liko kimya kuhusu dakika ile. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini. Tulikuwa tumekwisha pata mtu.

Tulimwomba kijana radhi mbele ya wafanyakazi wote, na wa tatu yule alisema neno lake la msamaha mwenyewe.

Simu zilizokuja na majina

Baada ya kuiweka saa sawa, tulilisoma daftari upya, safari hii mistari iliyotangulia ile ya kadi. Hapo kisa kilijieleza.

Kadi ya sauti haikuwa imechomekwa kwenye seva moja kwa moja. Ilipitia kigawanyio, kile kijisanduku chenye matundu manne ya USB, ndugu wa ralonji. Sekunde chache kabla ya kadi kuondoka, kila jioni, kulikuwa na mstari mwingine: katika tundu jingine la kigawanyio hichohicho kimefika kifaa kipya. Daftari liliandika hata aina yake. Ilikuwa simu. Jioni nyingine simu mbili, tatu. Simu inafika, kadi inaondoka. Sekunde moja baadaye mfumo unajaribu kuirudisha, unapata kosa namba -71, yaani mazungumzo kati ya mashine na kifaa yameharibika njiani. Unajaribu tena, na mwishowe kadi inapokewa.

Simu hizo ni za nani? Ni za ninyi wenyewe, ndugu zangu. Mnapoleta majina jioni, wengi mnatoka mahali pasipo na umeme. Mnaomba kuchaji kidogo mkingojea kipindi, ili jamaa akisikia jina lake redioni na kupiga, simu iwe hai. Mmoja wetu, kwa moyo mzuri, alikuwa akizichomeka pale mezani penye tundu wazi.

Sasa hesabu yenyewe. Tundu moja la USB ya pili limeahidiwa umeme wa miliampea 500, si zaidi. Kigawanyio kisicho na umeme wake chenyewe kinapokea hizo 500, na kanuni inakiruhusu kutoa 100 tu kwa kila tundu. Simu yenye njaa inaweza kuzitaka zote 500 peke yake. Ikianza kuzivuta, umeme unashuka, na kadi ya sauti inazimika kama mtu aliyezirai. Kiini cha mfumo hakijui habari za umeme huo. Kinaona tu kwamba kadi haipo, na kinaandika hivyo.

Kulikuwa na kosa la pili lililorefusha kimya. Kadi iliporudi ilipewa namba mpya. Programu yetu ya kurusha matangazo ilikuwa bado imeshika namba ya zamani, namba 1, kwa hiyo kadi ikaandikwa namba 2. Programu ikaendelea kusikiliza mlango ambao nyuma yake hapakuwa na mtu. Mikro ilikuwa nzima, kadi nzima, msomaji anasoma, na hewani kimya.

Hatukutaka kurudia haraka ya mwanzo. Jambo kutangulia jingine si dhamana kwamba ndilo lililolizaa. Kwa hiyo asubuhi moja, bila kipindi hewani, tulichomeka simu moja: kadi ikatetereka. Tukachomeka ya pili: ikatoweka. Tukaondoa simu, tukabadili waya, tukachomeka kadi moja kwa moja kwenye seva, tukaiacha siku nzima. Haikuondoka hata mara moja. Ndipo tuliposema tumejua.

Stesheni ya treni

Huenda msomaji akauliza: habari za waya na namba zina uhusiano gani na historia yetu? Kwangu mimi zinao.

Kuanzia Agosti 1992, jimbo hili likiitwa Shaba, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao hapa Likasi na katika miji mingine, baada ya maneno ya chuki ya wanasiasa kuwafanya majirani kuwa maadui. Wengi walikuwa wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière na reli miaka mingi kabla. Walilala stesheni ya treni na kandokando yake, makumi ya maelfu, miezi mingi, wakingojea gari la kuwapeleka Kasai. Kuna waliokufa palepale kwa magonjwa na njaa.

Tangu tulipoanza kipindi cha majina, wamekuja pia watu wanaotafuta mtu aliyepotelea stesheni ile. Si wa Mitwaba wala Pweto, ni wa 1992 na 1993. Ninapowauliza siku gani, wananiambia "wakati wa mvua". Gari gani? "Lile lililojaa." Maumivu wanayakumbuka yote, karatasi hawana. Na mahali pasipo na karatasi, nimesikia kila upande ukijaza kimya kwa jina la mtu wa kumlaumu, kama sisi tulivyofanya kwa jioni moja tu, kwa sababu ya kadi ya sauti.

Nilichojifunza ni kwamba maandishi yanasaidia, lakini lazima kwanza yaulizwe maswali. Yaliandikwa kwa saa ya wapi? Yananyamazia nini? Nini kilikuwa kimeandikwa juu ya mstari unaokupendeza? Na aliyetajwa ndani yake, amepewa nafasi ya kusema?

Tulichofanya

Kwa redio nyingine ndogo zinazotusoma, hizi ndizo hatua zetu. Tumeiweka seva kwa saa ya Lubumbashi kwa amri timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi. Tumetengeneza folda ya daftari la kudumu, ili kumbukumbu zisifutike mashine ikizimwa. Kadi ya sauti imechomekwa kwenye seva yenyewe, na programu inaiita kwa jina lake, si kwa namba, ili ikirudi ipatikane. Sauti ikikatika, hakuna anayezima kabla ya kuandika saa kwenye kaye na kutazama dmesg. Amri lsusb inatuonyesha ni vifaa gani vipo, na faili /proc/asound/cards inatuonyesha kadi gani zimepokewa. Kaye ya studio sasa inatunzwa na kijana yule.

Simu zenu hazijafukuzwa. Karibu na mlango tumeweka ralonji yenye umeme wa betri ya jua, mbali na meza ya sauti. Njoeni mchaji.

Na sasa kwa mama aliyekataa kiti, na kwa wengine wote. Kwa jioni tano za mwisho tunajua dakika ya kukatika na dakika ya kurudi. Tumezilinganisha na orodha za msomaji, na tumepata kila jina lililopotea hewani. Kwa jioni tatu za kwanza hatuna dakika, kwa hiyo tutasoma orodha nzima upya, hata majina yaliyokwisha kusikika. Tutaanza Jumatatu na tutaendelea hadi yaishe.

Mjulisheni jirani asiye na simu. Ni saa moja jioni, saa ya Likasi.